Je, kuingia benki ya uwekezaji ni vigumu kama wanavyosema?

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nina miaka 26. Nimesoma uhasibu katika chuo ambacho nadhani hakuna mtu wa benki kubwa aliyewahi kukisikia, na huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Ninachokitaka ni benki ya uwekezaji. Nimetuma maombi 64, nikaitwa kwenye usaili mara moja tu, na huko nikaulizwa swali la uchakavu nikababaika. Wapo wanaoniambia nimeshachelewa, wapo wanaosema nifanye kwanza mitihani ya CFA, ile ya wataalamu wa uwekezaji. Je, ni vigumu kweli hivyo, au kuna kitu ninakosea?"

Marahaba mdogo wangu. Ni vigumu, na kuna kitu unakosea. Yote mawili ni kweli. Ila ugumu hauko pale wengi wanapoutafuta. Watu wakisikia "benki ya uwekezaji" hufikiria hisabati za kutisha na watu wenye vichwa vya ajabu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na hesabu nilizozihitaji ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia. Ugumu uko mlangoni. Mlango ni mwembamba, unafunguliwa mapema kuliko wengi wanavyojua, na anayeusimamia hana muda wa kukufahamu. Maombi yako 64 nadhani yote yameishia hapo, kabla mtu yeyote hajapima uwezo wako.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana nimesoma barua nyingi za maombi zilizoandikwa na watu wanaoomba kazi wasiyoijua. Benki ya uwekezaji haikai na akiba za watu wala haitoi mikopo ya nyumba. Inazisaidia kampuni na serikali kupata mtaji kwa kuuza hisa au hatifungani (hati za mkopo ambazo wawekezaji hununua), na inazishauri kampuni zinapotaka kununua kampuni nyingine, kuuzwa au kuungana. Marekani aina hizi mbili za benki zilitenganishwa kisheria mwaka 1933, kwa sheria inayojulikana kama Glass-Steagall, baada ya benki kuanguka kwa maelfu. Ndiyo maana mwaka 1935 maofisa kadhaa wa benki ya J.P. Morgan walitoka wakaanzisha Morgan Stanley: wenzao walibaki na amana, wao wakaenda na hisa na hatifungani. Utengano huo uliondolewa mwaka 1999, na leo kampuni moja inaweza kufanya yote mawili, lakini ndani yake vitengo bado ni tofauti kabisa. Mtu anayeandika kwamba anataka benki ya uwekezaji "kwa sababu napenda kuwahudumia wateja wa benki" amejifungia mlango mwenyewe.

Sasa huo wembamba wa mlango. Mwaka 2024 benki ya Goldman Sachs ilipokea maombi zaidi ya 300,000 ya mafunzo ya majira ya joto, na waliochukuliwa ni chini ya mtu 1 katika kila 100. Namba hii inatisha, lakini ina mambo mawili ndani yake. Inahusu kampuni nzima, wakiwemo wahandisi wa programu na watu wa usimamizi wa mali, si kitengo cha ushauri wa ununuzi wa kampuni peke yake. Tena mwombaji mmoja hutuma maombi kwenye benki kumi na tano, kwa hiyo laki tatu za hapa na laki mbili za kule kwa sehemu kubwa ni watu wale wale. Hata ukipunguza kote huko, bado ni msongamano mkubwa. Sababu yake haihitaji uchambuzi: mwaka 2021 benki kubwa za Marekani zilipandisha mshahara wa mchambuzi (ngazi ya kuingilia kazini) wa mwaka wa kwanza hadi dola 100,000 au 110,000 kwa mwaka kabla ya bonasi. Hakuna kazi nyingi zinazompa mtu wa miaka 22 fedha hizo.

Kilichokuumiza wewe hasa, kwa maoni yangu, ni kalenda. Katika benki kubwa, wachambuzi wengi wa mwaka wa kwanza hawaajiriwi kwa tangazo la kazi. Wanatoka kwenye mafunzo ya majira ya joto ya wiki kumi hivi, ambayo mwanafunzi huyafanya akiwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Akifanya vizuri, anapewa ajira kabla hajahitimu. Na kuyapata mafunzo hayo Marekani, maombi hufunguliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, yaani mwanafunzi yupo mwaka wa pili na bado hajasoma somo hata moja la thamani ya kampuni. Uingereza wana wiki za utambulisho kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kutoka humo wengi huingia moja kwa moja kwenye mafunzo ya majira ya joto. Kwa hiyo kijana ambaye mjomba wake yumo kwenye fani anaambiwa haya akiwa na miaka 18. Wewe umeyajua ukiwa na miaka 26. Hilo ni dhuluma, na nalisema wazi, kwa sababu nimeona vijana wenye akili kuliko mimi wakikosa kazi hii kwa kuchelewa tu kuambiwa.

Ongeza hapo habari ya vyuo. Benki hupeleka maofisa wake kwenye vyuo vichache: Wharton, Harvard, London School of Economics, Oxford na wenzao. Huko hufanya mikutano, hunywa kahawa na wanafunzi, hukariri majina. Msimu wa kuajiri ukifika, mwanafunzi wa pale hasomwi kama karatasi. Anatajwa kwa jina.

Nikueleze inavyokuwa upande wa pili wa meza. Nilipokuwa mchambuzi wa mwaka wa tatu nilipewa wasifu 180 nizipunguze hadi 20, na nilipewa siku ya Jumapili tu, huku nikiwa na modeli ya mteja, yaani majedwali ya kukadiria fedha zake, ya kumaliza usiku ule. Sikuzisoma. Nilizipitia kwa macho: chuo, alama, kazi ya mwisho, na kama kuna kosa la tahajia. Wasifu mmoja nusu dakika, nyingine chini ya hapo. Kati ya ile 20 iliyopita, saba ilikuwa ya watu ambao mwenzangu mmoja alikuwa amenitumia ujumbe akisema, "Huyu nimeongea naye, anajua anachotaka." Bado naikumbuka ile 160 iliyobaki. Humo lazima walikuwemo watu wazuri kama wewe. Ndiyo maana nakuambia maombi ya 65, ya 70 na ya 90 hayatabadilisha kitu ukiyatuma kwa njia ile ile.

Tuje kwenye swali lililokubabaisha, kwa sababu hilo liko mikononi mwako kabisa na wewe mkaguzi wa hesabu hukupaswa kulikosa. Bila shaka uliulizwa hivi: uchakavu, yaani gharama ya mali kupungua thamani kadiri inavyotumika, ukiongezeka kwa 10, taarifa tatu za fedha zinabadilikaje? Chukua kodi ya asilimia 30. Anza na taarifa ya mapato: gharama imeongezeka kwa 10, faida kabla ya kodi imeshuka 10, kodi imeshuka 3, faida halisi imeshuka 7. Nenda kwenye mtiririko wa fedha: unaanza na ile faida iliyoshuka 7, kisha unarudisha uchakavu wa 10 kwa sababu hakuna shilingi wala dola iliyotoka mfukoni, hivyo fedha taslimu zimeongezeka 3. Malizia kwenye mizania, yaani taarifa ya mali, madeni na mtaji: taslimu juu 3, mali za kudumu chini 10, jumla ya mali chini 7; upande wa pili limbikizo la faida chini 7. Mizania imelingana. Mwisho.

Hayo yote unayajua. Kilichokushinda ni kuyasema kwa mpangilio, kwa sauti, mbele ya mtu asiyetabasamu. Msaili hakuwa anapima kama unajua uchakavu ni nini. Alikuwa anataka kuona kama unashika njia na kuifuata hadi mwisho bila kuruka hatua, na kama ukikosea unajirudi kwa utulivu. Jizoeze kwa kusema, si kwa kusoma. Simama chumbani, jibu kwa sauti, jirekodi kwa simu, sikiliza. Baada ya uchakavu chukua hesabu ya mteja aliyekopeshwa bidhaa, halafu bidhaa zilizoharibika ghalani, halafu mkopo mpya wenye riba. Kisha njia za kupima thamani: kulinganisha na kampuni zinazofanana, kulinganisha na bei zilizolipwa kwenye ununuzi uliopita, na kukadiria fedha za miaka ijayo na kuzipunguza hadi thamani ya leo. Elewa pia kwa nini, unapopima thamani ya biashara yote, unachukua thamani ya hisa, unajumlisha deni, unatoa taslimu. Ukitenga saa moja kila siku, miezi miwili inatosha kwa mtu wa uhasibu.

Kuna swali jingine ambalo huwaangusha watu waliokariri yote hayo: "Niambie kuhusu dili moja uliyoifuatilia." Wengi hutaja majina ya kampuni na bei, wakanyamaza. Tazama mfano wa Microsoft kuinunua Activision Blizzard, kampuni ya michezo ya kompyuta. Ilitangazwa Januari 2022 kwa dola bilioni 68.7, yaani dola 95 kwa hisa, taslimu. Hapo umetoa habari tu. Sasa ingia ndani: Aprili 2023 mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliizuia, ikihofia soko la michezo ya kompyuta inayochezwa kwa mtandao wa mbali. Microsoft ikaupanga upya mkataba, haki hizo za mtandao zikaenda kwa Ubisoft ya Ufaransa, na ununuzi ukakamilika Oktoba 2023. Mtu anayenieleza kwamba hatari kubwa ya dili ile haikuwa bei bali wasimamizi wa soko, na kwamba muuzaji alihitaji kulindwa kwa muda mrefu wa kusubiri, huyo namwambia mkubwa wangu tumpe nafasi. Wewe chagua dili yako, iwe ndogo na ya hivi karibuni, uisome mpaka uwe na maoni yako. Usitumie hii niliyoitaja mimi, kila mtu anaitaja.

Jambo moja ambalo halimo mkononi mwako ni mwaka. Benki huajiri kwa kufuata wingi wa kazi. Mwaka 2021 thamani ya muungano na ununuzi wa kampuni duniani ilipita dola trilioni 5, na benki zilikuwa zikiwatafuta watu kwa tochi. Riba zilipopanda, kazi zilipungua, na mwaka 2023 thamani hiyo ilishuka chini ya trilioni 3, wakaanza kupunguza watu. Waliohitimu mwaka 2008, benki ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 15, waliona mikataba ya ajira waliyokwisha kusaini ikifutwa. Kukataliwa katika mwaka mbaya hakusemi lolote kuhusu wewe, na naomba uliweke hilo moyoni.

Sasa wewe, mwenye miaka 26. Mlango wa mbele, ule wa wanafunzi, kwako umefungwa. Acha kuugonga. Iko milango ya uani, na mmoja uko karibu nawe kuliko unavyofikiri.

Kampuni kubwa za ukaguzi, Deloitte, PwC, EY na KPMG, zina vitengo vya ushauri wa miamala. Hao ndio wanaoingia kwenye vitabu vya kampuni inayotaka kununuliwa na kuuliza: faida hii ni ya kweli? Deni lililofichika liko wapi? Kampuni inahitaji mtaji wa uendeshaji kiasi gani ili isikwame? Kazi hiyo inamhitaji mkaguzi mwenye udadisi, na wanaoifanya hukaa meza moja na mabenki kila wiki. Mtu akikaa huko mwaka mmoja na nusu au miwili, hahitaji tena kutuma maombi gizani, kwa sababu wale waliofanya naye kazi usiku wanamjua. Mimi ningeanzia hapo. Kama kampuni yako ina kitengo hicho, nenda ukazungumze na meneja wake kabla hujafanya lingine lolote. Kama haina, hamia yenye nacho, hata kama mshahara ni ule ule.

Kuna pia benki ndogo za ushauri, zenye watu kumi au ishirini. Hazina kalenda ya msimu. Zinaajiri pale mtu mmoja anapoacha kazi na dili iko katikati, na hapo zinamtaka mtu anayeweza kuanza Jumatatu. Nafasi hizi mara nyingi hazitangazwi. Mashirika ya kupima uwezo wa kulipa madeni, kama Moody's na Fitch, nayo ni shule nzuri ya kusoma kampuni kwa kina. Na ipo njia ya shahada ya uzamili ya biashara: watu huenda wakiwa na miaka minne au mitano ya kazi, wanafanya mafunzo ya majira ya joto katikati ya masomo, na wanaingia benki kwa ngazi iliyo juu ya ile ya mchambuzi. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ni ghali mno, na inasaidia zaidi ukienda kwenye vyuo vile vile ambavyo benki huvitembelea. Kukopa ada kubwa kwa chuo ambacho benki haziendi ni kujipalia makaa.

Kabla hujaingia kwenye mojawapo, ujue unachokitafuta. Februari 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs waliwaandikia wakubwa wao matokeo ya utafiti walioufanya wenyewe kwa wenyewe: walikuwa wakifanya kazi wastani wa saa 95 kwa wiki na kulala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku. Habari ilienea dunia nzima, na sisi tuliokuwa ndani hatukushangaa. Mwaka 2024 JPMorgan iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki katika hali nyingi, na hilo likaonekana ni nafuu. Gawanya 80 kwa siku saba, uone zinavyokuwa.

Na saa hizo si za kufikiri mambo makubwa. Ni saa za kabrasha la kumshawishi mteja, kurasa 60, ambalo mteja atalifungua kurasa nne. Usiku mmoja, saa nane na nusu, nilikuwa nalinganisha tanbihi za ukurasa wa 34 na za ukurasa wa 35 ili nukta za mwisho zifanane. Nilizifananisha vizuri sana. Nisichokiona ni kwamba kwenye jedwali la juu yake niliandika "milioni" badala ya "bilioni" kwenye mapato ya kampuni ya mteja. Mteja ndiye aliyeliona, asubuhi, mbele ya mkubwa wangu. Sikufukuzwa, lakini kwa miezi mitatu kila ukurasa wangu ulikaguliwa na watu wawili. Nilikuwa nimelala saa nne kwa siku kwa wiki mbili mfululizo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugumu wa kuingia ni wa msimu mmoja, lakini huu mwingine ni wa kila siku, na wapo watu wema wenye akili ambao haukuwafaa, wakaondoka baada ya mwaka, na walifanya vizuri kuondoka. Zungumza na nyumbani kwako. Kama una mzazi unayemuuguza, au mtoto mdogo, fanya hesabu ya saa hizo kabla ya hesabu ya mshahara.

Uliuliza kuhusu CFA. Mitihani hiyo ni ya heshima, ina ngazi tatu, na taasisi yenyewe inashauri mtu ajiandae zaidi ya saa 300 kwa kila ngazi. Lakini imetengenezwa hasa kwa watu wa kusimamia mifuko ya uwekezaji na kuchambua hisa. Katika miaka yangu yote ya kupitia wasifu sikuwahi kumwona mtu akiitwa kwenye usaili wa kitengo chetu kwa sababu ya ngazi ya kwanza ya CFA peke yake. Saa 300 hizo kwako zina kazi nyingine: jenga modeli ya kampuni moja kwenye Excel kuanzia karatasi tupu, jizoeze kujibu kwa sauti, na zungumza na watu. Ukishaingia kwenye miamala na bado unaitaka CFA, ifanye hapo.

Na hiyo ya kuzungumza na watu najua ndiyo inayokutia aibu kuliko zote, maana kwenye barua yako hukuitaja hata mara moja. Tafuta watu ishirini waliotoka kwenye ukaguzi wa hesabu wakaenda kwenye miamala au benki. Usiwaombe kazi. Waandikie mistari minne: wewe ni nani, unafanya nini sasa, umeona wao walipita njia hiyo, unaomba dakika kumi na tano uwaulize walivyovuka. Swali lako liwe la mtu aliyekwisha kufanya kazi yake, mfano: "Ulipohamia miamala, ni kitu gani ulichokijua kutoka kwenye ukaguzi kilichokusaidia wiki za mwanzo?" Kumi na wawili hawatajibu. Watano watajibu kwa mkato. Watatu watakupa muda wao, na mmoja kati ya hao, nafasi ikitokea ghafla, atamwambia mwenzake aliyezama kwenye wasifu 180 siku ya Jumapili: huyu nimeongea naye.

Anza na yule meneja wa miamala, wiki hii. Na siku ukiulizwa tena uchakavu, anza na taarifa ya mapato.